Jani la Banioni

Mimi ni mtu wa hasira za karibu. Nimeambiwa hivyo tangu nikiwa msichana wa shule, na sijawahi kubisha, kwa sababu kila nikijaribu kubisha napandisha sauti na kuwathibitishia. Lakini kuna msimu mmoja wa mahindi ambapo hasira hizo, pamoja na ujuaji wangu, nusura zimvue baba yangu heshima mbele ya vijiji viwili. Nauandika msimu huo sasa kwa sababu kila nikikumbuka alivyonivumilia nashukuru upya, na mimi shukrani nisipoisema hunikaa kooni.

Baba ni mgawa maji. Kwetu ni milimani, juu ya Maore, upande wa Gonja. Maji ya kule hutoka kwenye kijito, yakaingia mferejini kupitia banio, ule ukuta wa mawe unaoyageuza kutoka kijitoni, yakalala usiku kucha ndani ya ndiva, yaani bwawa la udongo ambalo watu wa kwetu walilichimba kabla bibi zetu hawajazaliwa. Alfajiri mgawa maji huizibua ndiva, maji yakateremka kwa wenye zamu. Zamu ikikupita unangoja siku nane. Mahindi yakiwa yanatoa mbelewele, siku nane ni nyingi mno. Ndiyo maana kwetu mtu husamehewa mambo mengi: ulevi, mdomo mchafu, hata kutoroka msaragambo mara moja moja, ile kazi ya pamoja ya kusafisha mifereji. Lakini mwizi wa maji hasahauliki. Watoto wake wataoa na kuolewa, watajenga, watazaa, na bado watatajwa kwa hilo.

Mimi nafanya kazi Same mjini, kwenye chumba kimoja nyuma ya duka la pembejeo, kwa chama cha wakulima wanaotumia maji ya ndiva tatu za huko kwetu. Kazi yangu ni kompyuta. Nilikwenda chuo nikarudi na lugha ya C kichwani, nikawaandikia wakulima programu. Nilichagua C kwa sababu kompyuta yenyewe ni ndogo, ukubwa wa kipande cha sabuni ya kufulia, na haina nguvu ya kubeba lugha zenye mbwembwe. Na nilichagua C, niseme kweli, kwa sababu wenzangu wengi waliiogopa.

Programu haina makuu. Kwenye kila ndiva kuna kiboksi chenye kitufe, kinakula umeme wa jua. Mgawa maji akishazibua ndiva anabonyeza kitufe, kiboksi kinalia mara moja, kompyuta yangu huku Same inapata habari, na programu inawatumia wenye zamu meseji: maji yamefunguliwa, nenda shambani. Wengi wao mashamba yako chini kabisa, Maore, na nyumba ziko mbali na mashamba. Meseji ikifika mtu anachukua jembe na kutoka, anayakuta maji yakimjia. Msimu wa kwanza watu walinisifu. Akina mama wa sokoni wakaniita mhandisi. Nikaanza kutembea kidevu juu, nisione hata mawe ya njiani.

Msimu uliofuata malalamiko yakaanza, tena kwenye ndiva moja tu, ya baba. Watu wa Maore walisema meseji inakuja maji yameshapita. Unafika shambani unakuta udongo wa mferejini umelowa na maji yameenda kupotelea kwenye mchanga huko chini. Ndiva nyingine mbili hazikuwa na shida. Sasa mtu apige hesabu. Ama programu inachelewa kutuma, ama mgawa maji anazibua ndiva kimya kimya, anawanyweshea kwanza watu wake wa juu, ndipo anabonyeza kitufe. Watu hawakuona njia ya tatu, na hiyo ya pili inajulikana jina lake. Mwenyekiti wa kamati ya maji akanipigia simu, akaniomba kwa upole niichunguze programu kabla ya kikao, kwa sababu huko chini wameanza kumtaja mzee.

Hapa nikiri uzembe wangu wa kwanza. Programu iliandika saa ambayo kila meseji ilikamilika kutumwa, lakini haikuandika popote saa ambayo kitufe kilibonyezwa. Hapakuwa na namna ya kujua kati ya kitufe na meseji pamepita muda gani. Nilihitaji kitu cha kuitazama programu kwa ndani ikiwa kazini. Kitu hicho kipo, kinaitwa wakala wa ufuatiliaji. Ni kipande cha programu unachokipandikiza ndani ya programu yako. Unakianzisha kwa mistari michache ya C, kisha kinakaa kimya kikipima kila kazi imechukua muda gani, na kupeleka vipimo kwenye ukurasa wenye grafu. Ni kama mlinzi uliyemwajiri akuangalizie mali ukiwa haupo.

Kumwanzisha wakala kuna utaratibu. Unamjazia mipangilio: programu inaitwaje, vipimo vipelekwe wapi, asubiri kwa muda gani. Unamwita. Anakujibu kama amekubali au amekataa. Kisha unampa muda mpaka aseme ameshaunganishwa. Mimi nilijaza, nikamwita, nikaona amekubali, nikajipigia makofi. Maelekezo yake yalikuwa kurasa nyingi na nilisoma ya kwanza. Mtu mwenye akili zangu asome kurasa zote za nini?

Sasa, programu yangu ina umbo la mfereji. Inaanza ikiwa moja, kisha inajigawa mara tatu, tawi moja kwa kila ndiva, na kila tawi linafanya kazi yake bila kumngoja mwenzake. Nikamweka wakala juu kabisa, kabla ya mgawanyiko. Hata sikufikiri mara mbili. Nimekulia mferejini, na kwetu hata mtoto anajua kwamba ukimwaga majivu kwenye mdomo wa mfereji, yatafika kwenye matawi yote. Nikaona mlinzi akikaa pale juu atakuwa ameyaona yote.

Siku tatu nikaitazama grafu. Mstari ulikuwa umelala chini, umenyooka. Hakuna kuchelewa, hakuna kungoja. Furaha niliyoipata siku ile inanitia aibu mpaka leo. Kazi yangu safi! Ndipo nikakumbuka maana yake: kama si mimi, basi ni baba. Nilisita, sidanganyi. Nilisimama mlangoni nikayatazama magari ya barabara kuu yakipita kwenda Moshi na Tanga, nikajiambia kwamba ukweli ni ukweli na mtaalamu hana baba kazini. Niliipenda sana sentensi hiyo. Niliirudia njia nzima nikipanda kwenda kikaoni.

Kikao kilikuwa kwenye ofisi ya kijiji, huko juu kwetu. Watu wa Maore walipanda, wamejaa mabenchi, na wengine walisimama dirishani. Nikaingia na karatasi nilizochapisha. Nikawaonyesha grafu, nikaeleza kwa sauti ya mwalimu wa zamu kwamba tangu kitufe kibonyezwe mpaka meseji itoke hapapiti hata dakika. Mzee mmoja wa Maore akauliza swali rahisi: kwa hiyo kitufe ndicho kinachocheleweshwa? Ningeweza kusema sijui. Ningeweza kuomba wiki moja zaidi.

"Mashine haina sababu ya kudanganya," nikasema.

Baba alikuwa kwenye benchi la ukutani, kofia yake magotini. Sisi Wapare tunataniwa nchi nzima kwamba mtu wetu yuko radhi auze ng'ombe apate nauli ya kwenda mahakamani kudai kuku, na baba ni Mpare haswa. Aliwahi kubishana na kondakta kuhusu mkungu mmoja wa ndizi kutoka Gonja hadi Kisiwani bila kupumua. Nikajiandaa kwa kesi. Yeye akasema tu kwamba akizibua anabonyeza papo hapo, siku zote, na hana la kuongeza. Kamati ikapanga kikao kingine baada ya wiki mbili. Kama hatakuwa na maelezo, ndiva apewe mtu mwingine. Jina la huyo mwingine lilianza kunong'onwa kabla hatujatoka mlangoni.

Sikulala nyumbani siku ile. Nilisema nina kazi mjini, nikateremka na gari lililobeba tangawizi, nikajihesabia haki mpaka Same. Nilikuwa mkali hata kwa watu ambao hawakunikosea kitu. Mwenye duka la pembejeo aliniuliza kama naumwa jino.

Wiki iliyofuata baba akaja mjini. Alikuja kutafuta mpira wa kuzibia lango la ndiva, maana lilikuwa linavuja. Hebu fikiria: mtu anangoja kunyang'anywa ndiva, naye anahangaika na lango lake. Akapita ofisini kwangu mchana, jua la Same likichoma na vumbi likiingia chini ya mlango. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, akaketi, akafungua mfuko na kuweka ndizi mbivu juu ya karatasi zangu. Hakugomba. Nilitamani agombe. Kutogomba kwake kulinikera kuliko tusi.

Akauliza mashine ilijuaje. Hakuuliza kwa shari. Baba ni mdadisi, anaweza kumsimamisha fundi baiskeli nusu saa nzima juu ya spoku moja. Nikamjibu kwa mkato huku nikiandika vitu visivyo na maana kwenye kompyuta. Nikamwambia nimeweka mlinzi ndani ya programu. Akauliza mlinzi anakaa wapi. Nikamwambia anakaa juu, kabla ya matawi. Akauliza kama ameshawahi kushuka kwenye tawi la ndiva yake. Nikamwambia hana haja ya kushuka. Akamenya ndizi, akaila yote.

"Alikuletea jani?"

Nilijua anachosema, na ndiyo maana nilipandwa na hasira. Banio liko mbali, ni mwendo wa kupanda mpaka magoti yakulaumu, na kila mara baba hutuma mtu kwenda kukagua kama halijazibwa na matope na matawi. Zamani waliotumwa walifika nusu ya mlima, wakakaa kivulini, wakarudi kusema banio liko salama. Baba akaweka sharti. Kwenye mawe ya banio, pale penye rasharasha, unaota mmea wenye majani membamba ambao huko kwetu huuoni mahali pengine. Anayetumwa arudi na jani lake. Bila jani hakufika, na maneno yake hayasikilizwi, yawe mazuri au mabaya. Mimi mwenyewe nilishatumwa nikiwa mdogo, na nilishawahi kurudishwa mlimani kwa kuleta jani nililolichuma karibu na nyumbani. Nililia njia nzima, na jani la kweli nikalileta.

Kwa hiyo nikamwambia, kwa ile sauti ambayo nimeshakiri siiwezi, kwamba hii ni kompyuta, si mfereji, na kompyuta haikai kivulini. Akasema haya. Akachukua kofia yake akaenda kutafuta mpira wake.

Nilibaki nikihema. Nikakaa kama dakika kumi nikimjibu mtu ambaye ameshaondoka, na kila jibu lilikuwa tamu kuliko lililotangulia. Halafu nikaamua nimletee hilo jani, ili tu nimkomeshe.

Kwenye C kuna amri ya kuifanya programu isinzie. Nikaingia kwenye tawi la ndiva ya baba, nikaandika kwamba kitufe kikibonyezwa isinzie sekunde tano kabla ya kutuma chochote. Mlinzi akiwa macho, lazima aziripoti sekunde hizo. Nikaiwasha, nikabonyeza kitufe cha majaribio nilichonacho mezani, nikaitazama grafu. Mstari umelala. Nikasema labda tano ni chache, nikaweka thelathini. Umelala. Nikaweka dakika mbili nzima. Programu ikasinzia dakika mbili mbele ya macho yangu, mikono yangu ikiwa mapajani, na mlinzi akaripoti kwamba hakuna aliyechelewa.

Loh. Mtaka cha uvunguni sharti ainame, nami nilikuwa sijainama hata kidogo. Nikafungua yale maelekezo, kwenye kurasa nilizoziruka, na hapo paliandikwa kwa maneno ambayo hata mlevi angeyaelewa. Programu ikijigawa, matawi yanapata nakala ya kila kitu kilichokuwa kichwani mwa mzazi, yaani ile programu ya mwanzo, hata kumbukumbu kwamba wakala ameshaanzishwa. Lakini mtenda kazi wa wakala, yule wa nyuma anayebeba vipimo, haendi nayo, anabaki kwa mzazi. Mwanzishe ndani ya kila tawi, baada ya mgawanyiko, siyo kabla. Matawi yangu matatu yalikuwa yanamkabidhi vipimo mtu asiyekuwepo. Na grafu niliyoibeba mpaka kikaoni ilikuwa ya mzazi, ambaye akishajigawa hana kazi yoyote. Bila shaka hakuchelewa. Asiye na kazi atachelewaje?

Nimemwita baba yangu mwizi kwa ushahidi wa mlinzi aliyekuwa kivulini. Nililisema hilo kwa sauti, peke yangu, ndani ya kile chumba. Kisha nikafunga mlango kwa ndani, nikafanya kazi kama mtu aliyetumwa banioni mara ya pili.

Nikamwondoa wakala pale juu. Kila tawi, likishajitenga, lenyewe sasa linajaza mipangilio, linamwita wakala wake, na linasoma jibu lake. Akikataa, programu inaniandikia na kunipigia kelele badala ya kuendelea kana kwamba hakuna kitu. Akikubali, tawi linangoja mpaka aseme ameunganishwa, ndipo linaruhusiwa kusikiliza kitufe. Mwisho nikaweka jani. Kila siku kabla ya alfajiri tawi linasinzia sekunde tano kwa makusudi, na nisipoziona sekunde hizo kwenye grafu, siamini kitu kingine chochote ambacho grafu inasema siku hiyo.

Kesho yake nilifika ofisini kabla ya mama wa vitumbua kuwasha jiko. Jani lilikuja, sekunde tano, kwenye matawi yote matatu. Baba akazibua ndiva na kubonyeza. Matawi mawili yakakaa kimya kwa sababu ndiva zake zilikuwa hazijazibuliwa bado, na la baba likaanza kupanda. Dakika mbili, dakika nne, dakika sita. Mstari ukapanda na kupanda mpaka ukaikaribia saa nzima, nami nimeshika kikombe ambacho sikukinywa. Programu ilikuwa inamngoja mtu.

Ilikuwa inawangoja wazee. Hapa nicheke, maana nisipocheka nitalia. Kabla ya msimu ule mzee mmoja alinilalamikia kwamba mjukuu wake hupata meseji kabla yake. Aibu gani hii, mtoto ajue habari ya maji kabla ya babu? Alikuwa na haki. Nikaipanga upya orodha kwa umri, wakubwa kwanza, kama tunavyopakua chakula. Kwangu hiyo ilikuwa adabu, haikuwa ufundi, na nilipotafuta kosa wala sikuikumbuka. Lakini programu ilikuwa haitumi meseji inayofuata mpaka ithibitishiwe kwamba iliyotangulia imefika kwenye simu ya mtu. Simu ikiwa imezimwa, inangoja dakika mbili ndipo isonge mbele. Na wazee wetu huzima simu usiku ili chaji isiishe. Wanaziwasha wakishakunywa uji.

Ndiva ya baba ndiyo ya zamani kuliko zote, na wenye zamu wengi ni wazee. Hizo nyingine mbili zimejaa vijana waliokodi mashamba, wanaolala na simu mkononi. Wazee wenyewe hata hawakuihitaji meseji, wanaamka na jogoo na kwenda shambani bila kuambiwa na mtu. Kila alfajiri programu yangu ilisimama kwa heshima kwenye mlango wa kila mzee ikibisha hodi, na huku nyuma maji ya wajane na ya vijana wenye familia changa yalikuwa yanapita. Kosa hilo sidhani kama mtu wa mahali pengine angelifanya. Na lilikuwa langu tangu mwanzo mpaka mwisho. Nyani haoni kundule.

Kulirekebisha kulichukua mistari michache. Meseji zote zitoke kwanza, wakubwa wakiwa bado mbele, na habari ya nani imemfikia iulizwe baadaye. Siku iliyofuata baba alipobonyeza, meseji ya mwisho ilitoka sijamaliza hata kupuliza chai.

Kabla ya kikao cha pili nilimpigia mwenyekiti, nikamweleza yote. Ni mtu mwema. Akanishauri tuandike kwamba mtambo ulikuwa na hitilafu na imetengenezwa, mambo yaishe, kwa sababu baadhi ya wajumbe wakisikia zaidi ya hapo watataka niondolewe. Nilitamani kukubali. Nina kodi ya nyumba, nina wadogo zangu shuleni, na kazi ya C Same haiokotwi. Lakini hitilafu ya mtambo haikusimama mbele ya watu ikasema mashine haina sababu ya kudanganya. Mdomo uliosema ulikuwa huu wangu.

Siku ya kikao nikasimama. Nikawaeleza habari ya mlinzi, matawi, na simu za wazee zilizozimwa. Wengi hawakuielewa kompyuta, lakini nilipofika kwenye jani walielewa wote, na yule mzee wa Maore aliyeuliza swali akacheka mpaka akakohoa. Wazee wengine wakatazamana, kila mmoja akijifanya simu yake haizimwi. Kisha nikamgeukia baba.

"Baba, nilikuita mwizi mbele ya watu hawa," nikasema. "Hukuiba. Aliyekosa ni mimi. Naomba unisamehe mbele yao hao hao."

Baba akavaa kofia. Akasema amesamehe, kisha akamuuliza katibu kesho ni zamu ya akina nani. Basi. Wakaingia kwenye habari ya msaragambo wa kusafisha banio, wakabishana kuhusu nani alikwepa ule uliopita, na mtu aliyeandaliwa kupewa ndiva akachangia kama wengine. Ndiva ikabaki ya baba. Kazi yangu, kwa huruma yao, ikabaki yangu.

Tulipotoka nilipanda kwenda nyumbani nikiwa na mama mmoja jirani yetu, ambaye mlango wake unatazamana na ndiva. Nilikuwa mwepesi, naongea bila kupumua kama kawaida yangu. Akaniacha nimalize. Halafu akaniambia kwamba yeye na wenzake wawili huchota maji pale langoni kila alfajiri, na kila alfajiri wanasikia kiboksi kikilia maji yakiwa ndiyo kwanza yanaanza kutoka. Hawajawahi kukisikia kikichelewa hata siku moja. Nikasimama. Nikamuuliza mbona hawakuja kusema kwenye kikao cha kwanza.

"Tulikwenda kwake kabla ya kikao kile tukamwambia tutamsemea," akasema. "Alitukataza kabisa. Alisema tukiifanya mashine iwe mwongo, wewe ndiye utakayefukuzwa."

Nikamwacha hapo hapo njiani. Baba alikuwa mbele, ameinama kando ya mfereji, anatoa tope kwa mikono pale palipoanza kuzibika. Nikamfikia nikiwa sina pumzi. Nikamuuliza kwa nini, wakati alikuwa na mashahidi watatu, wakati angeweza kujisafisha siku ile ile ya kwanza mbele ya Maore yote. Nadhani nilikuwa napiga kelele. Hakuinua kichwa.

"Wakininyang'anya ndiva, nabaki baba yako," akasema. "Wewe ukifukuzwa kwa neno langu, mimi nabaki nani?"

Nikasema asante. Ilitoka ndogo, haikufanana na jambo lenyewe, nikairudia, na mara ya tatu ikagoma kutoka. Nikalia pale pale, mchana kweupe, nimesimama katikati ya njia, na watu wa kikaoni walikuwa wanapita mmoja mmoja wakinisalimu, nami nikiitikia kila salamu huku nalia.